Msanii akifa, tuulize nani anafaidika

Ukipenda tamthilia za upelelezi, mchezo unaujua. Mchoraji maarufu anakutwa amekufa studioni, polisi wanazungusha utepe, na hata kabla ya tangazo la kwanza mpelelezi ameshauliza: nani anafaidika na kifo hiki? Mara nyingi ni muuza michoro, maana bei hupanda mwenyewe akishazikwa.

Tangu Crime and Justice ianze mwaka 2021, nasi tuna wapelelezi wetu wa Nairobi wa kushangilia. Poa sana. Ila wewe kijana wa Kisii au Nyamira, swali hilo lilete nyumbani, hata kama msanii alikufa kwa maradhi tu na hakuna wa kutiwa pingu.

Marehemu Christopher Monyoncho alituachia benga ya Ekegusii. Wimbo wa marehemu kama yeye ukichezwa redioni au kwenye matatu, umewahi kujiuliza pesa zake ni za nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Yaani mtoto aliyeachwa darasa la kwanza anaweza kuwa babu na bado ana haki.

Nenda Tabaka sasa. Elkana Ong'esa anajulikana. Sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini vinyago vingapi vya mawe ya sabuni hutoka huko bila jina la aliyevichonga? Marekebisho ya sheria ya 2019 yanampa msanii asilimia 5 ya bei kazi yake ikiuzwa tena kibiashara, kwa masharti. Utaidaije kama hakuna anayejua ni kazi yako?

Msanii wetu akifa, kuchanga tunajua. Namba ya M-Pesa inasambazwa, jeneza linapatikana, chakula kinapikwa. Wiki ikiisha, familia inabaki na picha ukutani na nyimbo ambazo haina karatasi hata moja kuzihusu.

Kwa hivyo, kama una mjomba mwanamuziki au kaka mchongaji, msaidie akiwa hai. Orodhesha kazi zake. Zisajili KECOBO. Weka mikataba mahali mkewe na watoto wanapajua. Mpelelezi wa runinga hufika maiti ikiwa tayari sakafuni. Wewe bado una muda.