MJANE MMOJA NA KAMPUNI TATU



Wako wenzetu wasemao, "Mimi nina bima, chama cha nini?" Tunawaomba wasikie shauri la mjane mmoja wa Marekani, Sallie Hillmon wa Kansas.

Mumewe, John, alikata bima ya maisha kwa kampuni tatu, jumla dola 25,000. Mwezi wa Machi 1879 ikaja habari kwamba amepigwa risasi kwa bahati mbaya kambini, mahali paitwapo Crooked Creek. Kampuni zikakataa kulipa. Zilisema maiti ile si Hillmon, ni kijana mwingine aitwaye Walters, na Hillmon yu hai amejificha.

Mwaka 1880 mama huyu akaenda kortini. Kwa kuwa yeye ni wa Kansas na kampuni ni za New York na Connecticut, shauri lilikwenda korti ya shirikisho, si ya jimbo. Lilisikizwa mara sita. Mara nne watu 12 wa kuamua hawakupatana. Mara mbili, 1888 na 1899, alishinda. Na mara mbili, 1892 na 1903, Korti Kuu ya Washington ikavunja hukumu na kuamuru shauri lianze upya. Mwisho kampuni zikapatana naye nje ya korti.

Sisi hatumtetei Hillmon. Mwaka 2006 kaburi lilifukuliwa, na mifupa haikutoa jibu. Kampuni zilikuwa na haki ya kuuliza. Lakini kuuliza zaidi ya miaka 20 ni haki ya mwenye fedha peke yake. Maskini hana mshahara wa kungojea.

Tena tazameni: kampuni zile zilishindana sokoni, lakini mbele ya hakimu zilisimama pamoja. Matajiri wanajua umoja. Je, sisi watu wa reli?

Basi twasema hivi. Kila mtu aweke karatasi za bima na stakabadhi mahali mkewe anapopajua. Asitie sahihi asichosomewa. Na kila tawi liwe na mfuko wa mashauri, ili mjane wa mwenzetu akienda kortini asiende peke yake. Leteni neno hili katika mkutano ujao.

Wenu katika kazi.