Tabasamu lisilofika machoni

Waingereza wana nahau ya tabasamu lisilofika machoni, na kwangu ina uzito wa pekee, maana ina ushahidi wa mwilini. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha picha za mzee aliyepitishiwa umeme usoni ili misuli yake ijikaze. Msuli unaovuta pembe za mdomo, alisema, tunautuma tupendavyo. Ule unaozunguka jicho huitikia furaha ya kweli. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872.

Mtazame mtu anayecheka kwa bashasha: mashavu hupanda, kope ya chini huvimba kidogo, mikunjo hutokea pembeni mwa jicho. Hata hivyo, tusimhukumu mhudumu wa dukani anayetuonyesha meno tu. Amesimama tangu asubuhi. Tena utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa wapo wanaoweza kuukaza msuli wa jicho kwa kukusudia, kwa hiyo jicho nalo hudanganya.