Harrier na Mzigo wa Mnyamwezi

Nitaanza kwa kuisifia, nisije nikaambiwa nina wivu. Harrier, hasa ile iliyotoka mwaka 2003 ambayo mitaani tuliibatiza tako la nyani, ni gari tamu. Kiti kinakupokea vizuri, injini haipigi kelele, na kutoka Tabora hadi Nzega kwenye lami unafika shati halijakunjika. Mafundi wanaijua, vipuri vipo, na siku ukitaka kuiuza mteja hakosekani. Nje ya Japani imeuzwa kwa jina la Lexus, na wenye nazo hawachoki kukukumbusha.

Nami nilinunua yangu, kwa mkopo. Niliuza Probox iliyokuwa ikinibebea mahindi na asali, kwa sababu moja tu: nilichoka kuiegesha kwenye harusi za watu.

Mama yangu anaishi ng'ambo ya Sikonge, mbali na lami. Februari iliyopita aliugua, nikaondoka mjini alfajiri kumfuata. Lami ikaisha, vumbi lililogeuka tope likaanza, kisha mbuga nyeusi. Magurudumu ya mbele yakazunguka kama cherehani. Ya nyuma yakatulia tuli. Hapo ndipo nilipojua kwamba Harrier yangu inavuta kwa mbele tu. Zipo zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi nilikuwa nimenunua rangi na rimu.

Mama alinipita pale pale, yuko kwenye bodaboda katikati ya dereva na mdogo wangu, amejifunika khanga. Mimi nilivutwa na maksai saa tisa alasiri. Nilipomkuta hospitali nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa inafika."

Gari halina kosa. Lilijengwa juu ya msingi wa Camry, gari la mjini, na halikuwahi kuniahidi mbuga. Tuliojiahidi ni sisi, tulioona limeinuka tukadhani kuinuka ndiyo nguvu.

Na sisi wa Tabora tulipaswa kujua zaidi. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, Mnyamwezi alitembea karibu miezi mitatu na mzigo wa kilo thelathini hivi begani, pembe au vitambaa. Sitaipamba njia ile. Ilipitisha watumwa pia, na wapagazi wengi hawakurudi kwao. Lakini kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima, kwa kuwa mzigo wake ulifika.

Leo tumegeuza mizani. Gari la zaidi ya kilo 1,500 linambeba mtu mmoja na simu zake mbili hadi ofisini. Kabla halijatoka bandarini limeshadaiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi sisi 2,000, VAT, na tozo ya uchakavu kwa sababu ni kuukuu. Kisha mwenyewe anaingia sheli kutia mafuta ya elfu kumi. Aliyebeba mzigo hapo ni nani?

Wapo watakaoniambia kuwa heshima nayo ni hitaji. Anayefika kikaoni na Probox hukalishwa nyuma. Ni kweli, nimekalishwa. Lakini huo ni ugonjwa wa kikao, na dawa yake si mkopo wa miaka mitatu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama unaishi kwenye lami, unalipa bila deni na huna mgonjwa ng'ambo ya mbuga, inunue, ila kwanza muombe fundi alale chini aangalie inavutwa na magurudumu gani. Kama una shamba, mizinga au mama kijijini, nunua kitakachofika, harusini watazoea.

Mama amepona. Juzi alipiga simu kuuliza asali ya mwaka huu itatokaje kule. Mkopo wangu umebakiza miezi 14. Nimemjibu nitakuja na bodaboda.