Kabla Hatujaita Kitu "cha Uswahilini"

Likizo iliyopita mafrateri watatu wa falsafa tulikuwa kwenye parokia moja ya Temeke kwa kazi za kichungaji. Paroko alituomba tukae na vijana wa VIWAWA Jumapili baada ya Misa ya pili, tuwape mada. Mada tuliichagua wenyewe: muziki mzuri na muziki wa kihuni. Tulijiandaa kweli. Tulikuwa na Plato, ambaye katika kitabu chake cha Jamhuri anataka baadhi ya mitindo ya muziki iondolewe katika mji bora kwa sababu inalegeza tabia. Tulikuwa na nyimbo za Kigregori kwenye simu, na spika ndogo ya kuazima. Singeli tuliitaja mara tatu au nne kama mfano wa muziki wa kihuni, na hatukuona haja ya kueleza kwa nini. Tulidhani inajieleza.

Ulipofika wakati wa maswali, kijana mmoja anayeendesha bodaboda alinyoosha mkono. "Samahani, Frateri. Mmeshawahi kusikiliza wimbo mmoja wa singeli mpaka mwisho?"

Tulitazamana. Hakuna aliyewahi. Tulikuwa tumeisikia, ndiyo: kwenye daladala, kwenye maduka ya simu, na usiku wa vigodoro tuliposhindwa kulala. Kusikiliza ni jambo jingine. Vijana walicheka kwa heshima, paroko akaokoa jahazi kwa matangazo, lakini swali lile tulirudi nalo seminarini, na hatujaachana nalo mpaka leo.

Wakazi wa Dar es Salaam wana maneno mawili ambayo hayamo kwenye ramani yoyote ya serikali, na kila mtu anajua yalipo: uswahilini na ushuani. Zamani yalitaja mahali watu wanapoishi. Siku hizi yamekuwa mizani ya kupimia karibu kila kitu. Kuna mavazi ya uswahilini, mapishi ya uswahilini, majina ya uswahilini, hata namna ya kucheka ya uswahilini. Neno likishatamkwa, hukumu imekwisha kutoka na hakuna rufaa. Nasi seminarini tunayo mizani hiyohiyo. Katika chumba cha mapumziko, anayependa Mozart anaonekana ana kichwa, na anayepiga meza kwa vidole akifuata mdundo wa Tandale anaulizwa kama kweli ana wito. La ajabu ni kwamba wengi wetu tumezaliwa Mbagala, Manzese na Tandika. Mwaka mmoja wa falsafa umetosha kutusahaulisha nyimbo tulizochezea kombolela.

Basi tuseme singeli ni nini. Ilikua katika mitaa ya Kinondoni ya zamani na Temeke, ikiwa mtoto wa mchiriku, ule muziki wa ngoma na kinanda kidogo cha Casio uliotamba uswahilini miaka ya 1990. Katika sherehe za mtaani waimbaji walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavirudia na kuvikimbiza, kisha wakachana juu yake. Leo mapigo yake yanazidi 200 kwa dakika. Imetengenezwa kwa kompyuta za bei nafuu, katika vyumba vya kupanga, na vijana ambao hakuna aliyewalipia ada ya shule ya muziki. Hayo hayatoshi kuifanya nzuri. Wala hayatoshi kuifanya mbaya.

Taarabu yenyewe, ambayo leo tunaiita urithi wa wazee, ilipita njia hiyohiyo. Unguja iliwahi kuimbwa kwa Kiarabu katika kasri la Sultani. Kisha akaja mwanamke wa Fumba, mtoto wa mafundi wa vyungu, aliyetembeza vyungu hivyo mjini akiuza. Siti binti Saad aliimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mitaani, kesi za mahakamani na dhuluma walizotendewa wanyonge. Wapo waliomcheka kwa asili yake na kwa vyungu vyake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima. Shaaban Robert, mshairi tunayemheshimu kuliko wote, aliandika wasifu wake. Sauti ya muuza vyungu imekuwa somo la darasani. Waliomcheka hatuwakumbuki hata majina.

Na Kanisa letu je? Wazee wetu wanakumbuka misioni ambako ngoma haikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Leo Misa ya Jumapili ikikosa ngoma kwenye Utukufu, waamini wanauliza kama kuna msiba. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu, *Church Law and Bantu Music*, akiweka sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu pamoja na muziki wa Wabantu, kama vitu vinavyoweza kuketi meza moja. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia. Hati hiyo inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Hati hiyohiyo inaagiza kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni uthaminiwe ipasavyo, na kwamba wamisionari wapewe malezi ya kimuziki yatakayowawezesha kuukuza. Ni agizo linalohusu malezi, kwa hiyo linatuhusu sisi tulioko malezini.

Hatusemi singeli ipigwe wakati wa Komunyo. Liturujia ina sheria zake, na si kila kinachofaa uwanjani kinafaa altareni. Tunachozungumzia ni kile kinachotokea moyoni mwetu tunaposikia kitu kinatoka mtaa fulani.

Mtakatifu Augustino alikuwa na ugonjwa huu kabla yetu. Akiwa kijana katika mwaka wa kumi na tisa wa umri wake kule Karthago alisoma Cicero, akawaka mapenzi ya hekima. Kisha akafungua Maandiko Matakatifu, akayaona duni, hayafai kuwekwa karibu na lugha ya Cicero. Katika Maungamo anakiri kwamba kilichomfungia mlango kilikuwa kiburi chake mwenyewe. Tukio hili tulilisoma kwa ajili ya mtihani, tukapata maksi, likapita. Hatukuona kwamba linatuhusu. Tena Augustino huyohuyo, alipokuwa padre wa Hippo, katika mgogoro na Wadonati alitunga zaburi ya kuimbwa na watu wa kawaida kabisa. Aliacha kwa makusudi mizani ya washairi wa Kilatini, ili mizani isimlazimishe kutumia maneno ambayo watu hawayajui. Msomi aliyefundisha usemaji mpaka Milano aliona si aibu kutunga wimbo wa mtaani.

Hapa msomaji atatuuliza: basi kila kitu ni sawa? Hapana. Na wanaokataa zaidi kuwa kila kitu ni sawa ni watu wa uswahilini wenyewe. Mama wa Tandale anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua ndiye anayeumia kigodoro kikikesha dirishani kwake, na ndiye anayemvuta sikio binti yake wa miaka saba akimkuta anacheza michezo ya watu wazima. Hana haja ya frateri kumfundisha aibu. Anachohitaji ni frateri anayeweza kutofautisha mdundo na matusi, kwa sababu yeye anatofautisha.

Baada ya mada yetu kuharibika, yule kijana alitukalisha nje ya ukumbi akafungua simu yake. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyekopa kwenye kikoba, akashindwa kurejesha, akawa anapita njia za uchochoroni kuwakwepa wenzake. Ulichekesha, na ulikuwa wa kweli kuliko mahubiri mengi tuliyowahi kuandika kuhusu madeni. Wimbo wa pili ulimtukana mwanamke tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulimwambia wazi kwamba huo ni mbaya, tukamweleza kwa nini. Hakubisha. "Huo hata mimi siupendi," alisema. Nusu saa kabla ya hapo angetubishia, na angekuwa na haki, maana tulikuwa tunahukumu tusichokijua.

Tukishakubali kusikiliza, tutalazimika kuwa waaminifu kwa upande wa pili pia. Filamu ya kigeni yenye picha safi na muziki wa vinanda inaweza kumdhalilisha mwanamke vilevile, nasi tukaiita sanaa na kuijadili kwa istilahi. Uchafu ukivaa suti tunauita mtazamo. Ukivaa kandambili tunauita uhuni. Kama kipimo chetu ni hadhi ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, basi kipimo hicho kiende Masaki kama kinavyokwenda Manzese.

Kuna kosa jingine, ambalo linafanana na wema. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa mitaa hii wakaanza kualikwa katika matamasha ya Ulaya. Ghafla baadhi ya waliokuwa wakifunga madirisha wakaanza kuisifia. Tunawafurahia vijana hao kwa moyo wote. Lakini anayesifu kwa sababu Ulaya imepiga makofi bado hajasikiliza. Jana alikuwa anatazama mtaa unakotoka muziki, leo anatazama uwanja unakopigwa.

Kwa nini tunasumbuka na jambo hili wakati tuna metafizikia ya kusoma? Kwa sababu, Mungu akipenda, miaka michache ijayo mmoja wetu atapangiwa Chamazi, mwingine Mbagala, mwingine Manzese. Atakaa kitubioni, na mtu atamweleza dhambi zake na majeraha yake kwa lugha ileile tuliyozoea kuicheka, kwa misemo ileile ya kwenye singeli, kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Padre aliyejizoeza kwa miaka minane kuziba masikio kila anaposikia uswahilini hatayazibua kwa sababu tu amevaa stola. Watu wataliona hilo mapema. Hawatagombana naye. Wataacha tu kumweleza, na vijana wataacha kuja.

Nanyi wazazi na walezi wa parokia, mnapomkuta kijana na muziki wake, keti naye nyimbo mbili kabla ya kumnyang'anya simu. Mwulize huyu anaimba nini. Akiwa na aibu ya kukutafsiria, ameshajihukumu mwenyewe. Asipokuwa na aibu, huenda kuna jambo la kujifunza kuhusu maisha yake.

Sisi tumeanza kidogo. Yule kijana wa bodaboda alituandikia kwenye karatasi nyimbo tano, akatuambia likizo ijayo atatuuliza. Tumesikiliza tatu, mpaka mwisho. Mbili tumezipenda. Ya tatu hatukuipenda, na tunaandaa sababu zetu, kwa maana huyu hatakubali tumjibu kwa Plato peke yake.