Barua ya Wazi kwa Meya wa Rubavu: Nusu ya Pango Iende Ukutani

Mheshimiwa Meya,

Mvua za Itumba zikianza kunyesha, vyumba vya kupanga vya sekta ya Cyanzarwe hutambulika kwa harufu kabla mtu hajavuka kizingiti. Alama nyeusi huanzia sakafuni nyuma ya kitanda na kupanda hadi usawa wa goti. Rangi huvimba, kisha humenyuka. Godoro husimamishwa ukutani kila asubuhi lipate hewa, na sare za shule zilizofuliwa Jumamosi huvaliwa Jumatatu zikiwa bado na ubaridi. Mpangaji akimpigia simu mwenye nyumba, hupata mojawapo ya majibu matatu: mvua ni ya Mungu; wewe ndiye unayepikia ndani; au kama nyumba haikufai, wapo wanaoisubiri.

Mvua ni ya Mungu, sawa. Msingi ni wa fundi.

Nyumba nyingi za sekta hii zimejengwa kwa rukarakara, yale matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ambayo serikali iliyaruhusu rasmi kwa masharti mwaka 2019. Tofali hilo halina kosa. Likikaa juu ya msingi wa amakoro, mawe ya volkano, ulioinuka vizuri, paa likatokeza nje ya ukuta na maji ya mabati yakaelekezwa mferejini, nyumba hudumu na hukaa kavu. Shida ni ile iliyojengwa kwa haraka ya kupangisha: ukuta umeanza karibu na ardhi, hakuna hata karatasi ya plastiki iliyotandazwa kati ya msingi na tofali, kisha udongo ukasilibwa kwa saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Saruji haiuruhusu mvuke utoke. Maji yaliyofyonzwa kutoka ardhini hunaswa nyuma yake na kutafuta njia ya juu zaidi. Kuupaka ukuta huo rangi mpya ni kumvalisha shati safi mtu mwenye kidonda kibichi.

Rubavu ina sababu zake nyingine pia. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mfululizo wa matetemeko ulipasua nyumba nyingi za wilaya hii, na ufa ambao haukuzibwa kwa dhati ni mlango wa maji. Halafu ukaja usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ukafurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yakaua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Nyumba zilizoanguka zilihesabiwa. Zilizobaki zimesimama huku zimelowa hadi ndani ya tofali hazikuwa habari ya mtu, na baadhi yake zina wapangaji hadi leo.

Jibu la pili, la kupikia ndani, lina ukweli wake. Imbabura, jiko la makaa, ikiwaka katika chumba chenye dirisha moja lisilofunguliwa, mvuke wa sufuria na pumzi za watu sita utaishia ukutani. Lakini ubishi huu una kipimo kisichogharimu chochote. Kipande cha nailoni kibandikwe ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe, kisha kiachwe siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, na mpangaji afungue dirisha. Yakionekana nyuma ya nailoni, yametoka ukutani, na mwenye ukuta anajulikana. Kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, anaweza kulisimamia jambo hili bila kuomba bajeti.

Jibu la tatu ndilo lililosababisha barua hii, Mheshimiwa, kwa kuwa nguvu yake inatokana na pengo la kisheria. Mwezi Agosti 2019 Rwanda ilifuta kwa mkupuo sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru, zikiwemo za upangaji. Kati ya mpangaji na mwenye nyumba kilichobaki ni mkataba wao, chini ya sheria ya mikataba ya mwaka 2011. Na mkataba wa chumba cha Cyanzarwe, mara nyingi, ni maneno ya mdomo na ujumbe wa momo, malipo ya simu. Ng'ambo ya mpaka, Kongo ina sheria mahususi ya pango la makazi tangu tarehe 31 Desemba 2015. Kama inafuatwa Goma ni hadithi nyingine.

Hata hivyo, Rwanda imeligusa suala la matengenezo mahali ambapo wapangaji wachache huangalia: kwenye kodi. Sheria ya mwaka 2018 ya mapato ya serikali za mitaa ilisema kwamba kabla ya kutoza kodi ya mapato ya pango, asilimia 50 ya pango lote iondolewe, ihesabiwe kuwa gharama za kuitunza nyumba. Risiti ya saruji au ya bati haidaiwi.

Tuchukue mwenye vyumba vitano, kila kimoja faranga 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anakusanya 1,200,000. Laki sita zinawekwa kando kwa jina la matengenezo. Katika laki sita zinazobaki, 180,000 za kwanza hazitozwi, na 420,000 zinatozwa asilimia 20, yaani 84,000. Kwenye karatasi, nyumba hiyo inakarabatiwa kwa laki sita kila mwaka. Ukutani hakuna hata ndoo ya chokaa. Na kodi hiyo ni mapato ya wilaya, kwa hiyo wilaya ndiyo inayosamehe fedha kwa kazi ambayo haijafanyika.

Anayedhani unyevu ni suala la mapambo aangalie mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, unaouhusisha unyevu na kuvu za majumbani na pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Au aangalie Rochdale, Uingereza, ambako mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, mwana wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020. Baba yake alikuwa ameripoti kuvu tangu 2017 na kuambiwa aipake rangi. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2022 ulitamka kwamba kuvu hiyo ndiyo iliyomuua. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025: mwenye nyumba za kijamii akipewa taarifa ya unyevu wa hatari ana siku 10 za kazi kuchunguza, na akithibitisha hatari, siku 5 za kazi kuiondoa.

Cyanzarwe haiombi wakaguzi wa Uingereza. Ina gitifu, katibu mtendaji wa sekta, ina abunzi, wapatanishi wa jamii, ina Inteko y'Abaturage, mkutano wa wananchi wa kila Jumanne. Malalamiko ya ukuta yapokewe hapo kwa maandishi, yapewe tarehe, na mwenye nyumba aitwe hata kama anaishi Kigali. Mpangaji asifukuzwe shauri lake likiwa mbele ya abunzi. Mkataba wa ukurasa mmoja utakaosema nani anatengeneza nini uwekwe kwenye ofisi ya kila kagari, ngazi iliyo chini ya sekta, bure. Na yule aliyelalamikiwa, ukaguzi ukaonyesha maji yanatoka ukutani, aambiwe alete risiti za ile nusu anayosamehewa. Asipokuwa nazo, wilaya iwapelekee wabunge pendekezo kwamba aondolewe msamaha huo.

Mvua za Umuhindo huanza Septemba. Mheshimiwa Meya, ukaguzi wa vyumba vya kupanga ufanyike kabla ya hapo, kuta zikiwa bado zinaweza kukauka.