Nani ataihesabu asilimia tatu?

Leo tumechapa barua ya Ndugu mmoja wa Mbagala, Wilaya ya Temeke, anayesoma shahada ya pili na ambaye hutembea kwa magongo. Swali lake ni fupi. Akimaliza masomo yake ya sera za watu wenye ulemavu, kazi ataipata wapi? Anaeleza kwamba aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja, akakuta chumba kiko ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu. Alipofika juu, jina lake lilikwisha rukwa.

Twampa pole Ndugu yetu. Lakini kabla ya kumjibu twataka kuuliza jambo moja: sheria iliyopo, nani anaifuatilia?

Maana sheria si ngeni. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na Sheria Na. 2 ya 1982 ikamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 aajiri walemavu asilimia mbili. Hesabu hiyo hata karani wa duka aliiweza: watu 50, mlemavu mmoja. Sera ya Taifa ilitoka 2004, Mkataba wa Umoja wa Mataifa tukauridhia 2009, kisha Sheria Na. 9 ya 2010 ikawagusa waajiri wenye wafanyakazi 20 na kuendelea, na asilimia ikawa tatu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya msomi. Asilimia tatu ya watu 20 ni sehemu sita ya kumi ya mtu. Mwajiri mjanja (na wapo) atasema mtu wa namna hiyo hajazaliwa, atangoja mpaka afikishe wafanyakazi 34. Hajaisoma sheria sawasawa. Sheria inataka asilimia hiyo isipungue tatu. Mwenye watu 20 asiye na mlemavu hata mmoja amepungukiwa. Akiwa na mmoja ametimiza. Mwenye watu 40 anatakiwa awe na wawili, kwa kuwa mmoja kati ya 40 hafiki asilimia tatu.

Sasa nani amepita viwandani Chang'ombe, au Mikocheni kule Kinondoni, akahesabu lango kwa lango? Wasomi wetu wengi hupenda kuijadili sera hotelini, penye chai na vitumbua. Ndugu yetu wa Mbagala hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mada ya tasnifu. Achague kata moja ya Temeke, aandike kila mwajiri ana watu wangapi na wenye ulemavu wangapi. Ataambiwa kwamba wenye sifa hawapatikani. Basi aende Yombo, wilayani kwake, kwenye chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu, aulize waliohitimu ni mafundi wa nini na wako wapi leo. Akiziweka orodha hizo mbili pamoja, hapo atakuwa na la kumwambia mwajiri, na hata mbunge.

Hali kadhalika kuna mikopo ya halmashauri: asilimia kumi ya mapato ya ndani, wanawake nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili. Vitabu vya Manispaa navyo avisome.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, yaani karibu mtu mmoja katika kila tisa. Kwa wingi huo, kazi ya kuhesabu na kufuatilia ipo, tena nyingi. Mshahara wake ndio bado haujatengwa, na hilo ni la kuulizwa Halmashauri zote mbili, Temeke na Kinondoni, wakati wa bajeti.

Ndugu yetu akikamilisha hesabu ya kata yake atuletee. Nafasi katika ukurasa huu ataipata.