UCHAMBUZI: Ekzosi kubwa si tiba ya injini ya dizeli

BAADHI ya wamiliki wa pikapu za dizeli nchini Marekani huamini kuwa njia ya mkato ya kuongeza nguvu za gari ni kung'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga bomba pana zaidi.

Athari za mtindo huo zilidhihirika Novemba 2020. Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo (EPA) lilikadiria kuwa zaidi ya pikapu 550,000 ziling'olewa vifaa vya kusafisha moshi katika muda wa takriban miaka kumi. Kwa mujibu wa makadirio hayo, uchafu zaidi zitakaotoa katika maisha yake ni tani 570,000 za oksidi za naitrojeni na tani 5,000 za masizi. Ni kana kwamba pikapu nyingine milioni tisa zimeingia barabarani.

Je, bomba pana huongeza nguvu kweli? Huongeza, lakini kidogo.

Moshi ukibanwa njiani, injini hupoteza sehemu ya nguvu zake kuusukuma nje. Isitoshe, moshi huo ndio unaozungusha turbo, ambayo husukuma hewa ndani ya silinda. Ukipata nafasi ya kutoka, turbo hushika kasi mapema na joto la moshi hupungua.

Hata hivyo, nguvu ya dizeli hutokana na kiasi cha mafuta yanayoungua. Iwapo kompyuta ya injini ingali inapima mafuta yale yale, bomba jipya hubadilisha mlio kuliko mwendo. Ndiposa mengi ya mabomba hayo huandamana na programu inayoiamuru kompyuta kumimina mafuta zaidi na kutojali kwamba kichujio hakipo. Nguvu anazosifiwa mnunuzi kuwa za bomba, kwa hakika, ni za programu hiyo. Mzigo nao huangukia klachi, giaboksi na gasketi ambazo hazikuundiwa nguvu hizo.

Malalamishi ya wenye magari, hata hivyo, yana msingi. Kichujio cha masizi, kilichoenea katika pikapu za dizeli kuanzia modeli za 2007, huziba upesi gari likitumika kwa safari fupi fupi, na huhitaji mafuta ya ziada ili kujisafisha. Aidha, mfumo wa kusafisha moshi kwa urea ukipata hitilafu, kompyuta huweza kupunguza kasi hadi gari likatambaa. Kwa mkulima au msafirishaji, hiyo ni siku ya kazi iliyopotea.

Agosti 2025, EPA ilitoa mwongozo wa kulegeza adhabu hiyo ya kompyuta, na kutaka malori ya dizeli ya kuanzia modeli ya 2027 yaundwe yasipoteze nguvu ghafla. Kurekebisha mfumo ni afadhali kuliko kuung'oa.

Lawama haziwaendei wenye magari na makanika pekee. Desemba 2023, kampuni ya Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, bila kukiri kosa, kufuatia madai kuwa injini za pikapu 630,000 za Ram za modeli za 2013 hadi 2019 zilikuwa na mbinu za kukwepa masharti ya moshi.

Suala hili halikomei Marekani. Januari 2015, Kenya na majirani zake walipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyofungua njia kwa magari yenye teknolojia safi. Mafuta hayo hayatamfaa mtu sana iwapo kichujio kitaishia kutupwa nyuma ya gereji.

Mnamo 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Mwenye gari hujipatia nguvu kiasi, lakini gharama kubwa humwangukia mchuuzi anayeshinda kando ya barabara.